Hila Isiyovunja Kanuni: Shax, Visima na Sheria katika Nchi ya Wajir

Mchezo wa shax hauhitaji ubao wala gharama. Mtu huchora mchangani miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, akaiunganisha kwa mistari inayopita katikati ya kila upande, na hapo pameshapatikana vituo 24. Kila mchezaji ana kete 12: huyu mawe, yule vipande vya vijiti au samadi kavu ya ngamia. Huzipanga kwa zamu, moja moja, mpaka uwanja ujae, kisha kila mmoja huondoa kete moja ya mwenzake ili ipatikane nafasi ya kusogea. Aliyezipanga kete zake tatu kwenye mstari mmoja amepata jare. Jare ya wakati wa kupanga humpa mtu haki ya kuwa wa kwanza kuondoa. Jare ya baadaye humpa haki ya kula kete ya mpinzani. Anayebakiwa na kete mbili ameshindwa. Ni mchezo wa wafugaji wa Kisomali tangu zamani, wa Tarbaj na Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, kama wa Somalia kwenyewe, na watazamaji wake hupiga kelele kuliko wachezaji wenyewe.

Kwa kuwa mwanzoni nafasi tupu ni mbili tu, ni rahisi mtu kukwama. Kete zake zote zaweza kuzingirwa asipate pa kusogeza hata moja, na huku bado anazo kumi na moja. Mchezo wa jamii hiyohiyo ulichezwa Ulaya pia. Umo katika kitabu cha michezo kilichoandikwa kwa amri ya Mfalme Alfonso X wa Castilla mwaka 1283, na Waingereza huuita Nine Men's Morris. Kwa kanuni zinazofuatwa huko leo, aliyezibwa ameshindwa. Kuziba ni njia halali ya ushindi na mchezaji husifiwa kwayo. Katika shax, kumziba mwenzako hakukupi kitu. Ukishamziba ni lazima usogeze wewe tena, umfungulie njia. Na kanuni haikuishia hapo: ikiwa hatua hiyo ya kumfungulia itakuletea jare, huruhusiwi kula. Waliotunga kanuni hii walimjua binadamu. Walijua kwamba mtu akilazimishwa kutenda wema atatafuta namna ya kufaidika na wema huo, wakaliziba tundu mapema.

Tendo ni moja, hukumu ni mbili, na hakuna upande kati ya hizo unaoweza kuuita wenzake wa wajinga. Hili linafaa kuwekwa mbele ya kila anayejadili mbinu ambazo kanuni inaziruhusu lakini wachezaji wenyewe wanaziona chafu. Siku hizi mjadala huo umepamba moto hasa katika pokeri. Kuna mtu anayesogeza chipu zake mbele kidogo kana kwamba anaweka dau, akausoma uso wa mwenzake, kisha akazirudisha akidai hakuvuka mstari. Kuna anayezificha chipu za thamani kubwa nyuma ya zile ndogo ili aonekane hana kitu. Kuna anayevuta dakika kila zamu yake inapofika, ili wachezaji wa meza nyingine watolewe kabla yake. Wote hao ukiwauliza wamevunja kanuni gani, watakuambia hakuna, na mara nyingi watakuwa wanasema kweli. Chama cha wasimamizi wa mashindano ya pokeri, TDA, kilichoanzishwa mwaka 2001, kimeona tatizo hilo kiasi cha kuifanya kanuni yake ya kwanza kabisa imruhusu msimamizi, hali isiyo ya kawaida ikitokea, kutanguliza haki na maslahi ya mchezo mbele ya maneno ya kanuni nyingine.

Tarbaj si mahali pa kutafuta meza ya pokeri. Kamari ni haramu kwa Mwislamu, na shax huchezwa kwa heshima na kejeli tu. Lakini suala lenyewe limeishi huko kwa zaidi ya karne moja, na kilichowekwa rehani kilikuwa kikubwa kuliko chipu: maji, malisho, uraia na roho za watu. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba hila halali haizaliwi na ubaya wa moyo wa mtu peke yake. Hustawi katika hali mbili: pale wanaobanwa na kanuni wanapokuwa si wao walioitunga, na pale panapokuwa na vitabu viwili vya kanuni juu ya meza moja, kila mchezaji akikifungua kile kinachomfaa. Wajir imezijua hali zote mbili.

Tuanze na visima, maana huko kaskazini kila jambo hatimaye hurudi kwenye maji. Kabla Waingereza hawajaweka kituo chao Wajir mwaka 1912, Waborana na washirika wao ndio waliokuwa na nguvu kwenye visima vya Wajir na El Wak, na utaratibu wa Waborana wa kisima ni wa kina ajabu. Mwenye asili ya kisima, yule ambaye yeye au wazee wake walikichimba, huitwa abba konfi. Anayesimamia zamu ya kunywesha siku hadi siku ni abba herega, na kazi hizo mbili zimetenganishwa. Hebu fikiria nafasi ya hila pasipo na mtu huyo wa pili. Mwenye kisima hahitaji kumnyima jirani maji, jambo ambalo lingemletea aibu mbele ya watu wote. Anachohitaji ni kuwanywesha ng'ombe wake polepole. Awalete wachache wachache, arekebishe hori, apumzike, jua lizame, na mifugo ya jirani iliyotembea siku mbili ilale na kiu. Hakuna neno la desturi alilovunja. Ni yuleyule wa pokeri anayevuta dakika, ila hapa mwisho wa mchezo ni mizoga. Utaratibu wa zamu uliiondoa hila hiyo kwa kumpa saa mtu mwingine, asiyekuwa mwenye kisima. Tazama jinsi ulivyofanya kazi sawa na kanuni ya shax ya kufungua njia. Haukumwomba mwenye nguvu awe mwema. Ulimnyang'anya kifaa alichoweza kukitumia vibaya.

Desturi ya pili, ile ya shegat, ni ngumu zaidi, na mimi naiona kuwa kiini cha habari nzima. Kundi geni lenye kiu na lisilo na malisho liliweza kuingia katika ukoo wenyeji, likachukua jina lao, likachangia diya, yaani fidia ya damu, pamoja nao, likapigana vita vyao, na likapata maji na majani kama mtoto wa nyumba. Ilikuwa kanuni nzuri kwa nchi isiyotabirika. Mvua ikinyesha kwako mwaka huu, mwakani itanyesha kwa mwenzako, na leo mwenyeji, kesho mgeni. Ila desturi hiyo ilikuwa na pengo moja: haikusema ugeni unakwisha lini, wala mgeni akitoka anatoka na nini. Wageni wakishaongezeka, wakawa na silaha na jamaa zao ng'ambo ya mpaka, walikuwa na uwezo wa kutangaza kwamba wao ni ukoo kamili wenye jina lao wenyewe, na kwamba visima walivyovitumia miaka yote hiyo sasa ni vyao. Wenyeji nao waliweza kusema, hata baada ya vizazi viwili vya kuoana na kuzikana, kwamba hawa ni shegat tu, na shegat akikataa jina la mwenyeji wake afungashe. Kila upande ulisimama juu ya desturi ileile. Hakuna aliyeikana.

Migogoro ya koo za Kisomali za Ajuran na Degodia, ya Waborana na majirani zao Wasomali, na mingine mingi kati ya Wajir na Moyale, imebeba madai hayo kwa sura moja au nyingine. Kila jamii ina hesabu yake ya nani alimdanganya nani, na sioni faida ya kujifanya kadhi juu ya madai yaliyomshinda kila aliyejaribu kuyakata tangu zama za wakoloni. Kilicho muhimu kwa hoja yangu ni kwamba zamani pengo lile halikuwa na madhara makubwa, kwa sababu wote walikuwa na kanuni moja na wote walijua wataihitaji tena. Anayemfukuza mgeni leo atakuwa mgeni wa nani ukame utakapomgeukia? Hofu hiyo ndiyo iliyokuwa mwamuzi. Mwamuzi huyo aliondolewa uwanjani miaka ya 1930.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD, mwaka 1926, kwa kutumia Sheria ya Wilaya za Mbali ya 1902. Mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 ikaja sheria ya usimamizi wa wilaya maalumu, iliyowapa maofisa mamlaka ya kuziamulia kabila nzima mahali pa kukaa na kuzikamatia mifugo kwa kosa la mtu mmoja. Ukachorwa mstari: Wasomali wakae mashariki yake, na wale ambao wakoloni waliwaita Galla, jina ambalo Waoromo wenyewe, Waborana wakiwemo, hulikataa kama tusi, wakae magharibi. Wajir na Tarbaj zikaangukia mashariki. Waborana waliokuwa wakinywesha Wajir walikuwa wameshasukumwa kuelekea Isiolo. Kuanzia hapo swali la nani ni mgeni wa nani halikuamuliwa tena na haja ya mvua ijayo. Liliingia kwenye faili. Mzee mwenye ufasaha angeweza kumwonyesha mkuu wa wilaya, D.C., kwamba jirani yake yuko upande usio wake wa mstari, na askari wakamfanyia kazi ambayo desturi ingemkataza kuifanya mwenyewe. Mwingine angeweza kujiandikisha kwa jina la ukoo wa mwenyeji ili apate kibali, bila kuchukua mzigo wowote ulioambatana na jina hilo. Vitabu vya kanuni vilikuwa viwili sasa, na mwenye hila hakuhitaji kuvunja hata kimoja.

Hapa atasimama mtu mwenye pingamizi, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: unailaumu sheria iliyoandikwa, lakini mnyonge hana ngao nyingine. Heshima ya mchezo, busara ya wazee, maslahi ya wote, hayo ni maneno ya wenye nguvu. Aliye dhaifu anahitaji kifungu kinachosema wazi hivi na hivi, ili aweze kukishika mbele ya mkubwa. Bora hila chache zinazopita kwenye matundu ya kanuni kuliko mwamuzi anayeipindisha kanuni apendavyo. Ningekubali hoja hii yote kama historia ya Kaskazini ingeiunga mkono. Haiiungi. Mwaka 1962 serikali ya Uingereza ilituma tume ya watu wawili, Onyiuke kutoka Nigeria na Meja Jenerali Bogert kutoka Kanada, wakawaulize watu wa NFD wanataka nini Kenya itakapopata uhuru. Jibu la maeneo ya Wasomali lilikuwa wazi: wengi mno walitaka kujiunga na Somalia. Tarehe 8 Machi 1963 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Duncan Sandys, akatangaza kwamba watapewa mkoa wao ndani ya Kenya. Kwa maandishi hakuna ahadi iliyovunjwa, kwani tume ilipewa kazi ya kusikiliza maoni tu, na kuyafuata hakukuwa sehemu ya hadidu zake za rejea. Iwe mtu anaamini mipaka ya Kenya ilistahili kubaki ilivyo au la, na sababu za kuitetea zilikuwepo, kumuuliza mtu swali ambalo jibu lake hukukusudia kulitumia ni hila halali ya daraja la juu. Wasomali wa huko walilisoma jambo hilo hivyo. Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza siku chache baadaye, na kabla mwaka haujaisha vita vilivyoitwa vya shifta vilikuwa vimeanza na hali ya hatari imetangazwa.

Kifungu kilichoandikwa wazi kiliendelea kumwangukia mnyonge kichwani. Kanuni za hali ya hatari zilikaa vitabuni mpaka mwaka 1991, karibu robo karne baada ya makubaliano ya Arusha ya 1967 yaliyovituliza vita. Mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, iliyozuia kesi dhidi ya maofisa wa serikali na askari kwa matendo yao huko kaskazini kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Ilipitishwa na Bunge halali, ikatiwa saini, ikachapishwa. Bunge lilipopiga kura kuifuta mwaka 2010, Rais Kibaki hakuuidhinisha muswada huo. Naomba nieleweke: mauaji ya Februari 1984 mahali paitwapo Wagalla, karibu na Wajir, siyaweki katika fungu hili. Yale hayakuwa hila ndani ya kanuni, yalikuwa uhalifu, na kuyachanganya na mambo ya michezo ni kuyapunguzia uzito. Ila Sheria ya Kinga ni mfano kamili. Ni mchezaji anayeandika, baada ya mchezo kwisha, kwamba hatua alizozicheza hazihojiwi, na akawa na mamlaka ya kuandika hivyo. Kwa hiyo jibu langu kwa mwenye pingamizi ni hili. Maneno ya kanuni humlinda mnyonge pale tu na yeye alipokuwa na mkono katika kuyaandika, au pale ambapo mwenye nguvu anaweza kesho kujikuta upande wa pili wa kanuni hiyohiyo. Lisipokuwepo mojawapo, uwazi wa kifungu ni makali ya kisu cha mtu mwingine.

Pingamizi la pili ni la mzaha kidogo, lakini Mswahili hawezi kulipuuza. Si sisi wenyewe tunawasifu wajanja? Katika Hekaya za Abunuwasi Abunuwasi mwenyewe alijenga nyumba ya ghorofa, akamuuzia tajiri sehemu ya juu. Baadaye akataka kumuuzia na ya chini, tajiri akakataa. Abunuwasi akaita mafundi waje wabomoe sehemu yake ya chini. Mali yake, haki yake, na sisi tumecheka miaka yote. Tarbaj nako hadithi za wanyama wajanja hazikosekani. Basi kwa nini tumlaumu mchezaji wa pokeri? Nadhani jibu liko katika tabasamu lenyewe. Tunamcheka tajiri kwa kuwa tajiri, na Abunuwasi ni mtu asiye na cheo anayetumia kanuni ya wakubwa dhidi ya wakubwa. Mgeuze, umfanye Abunuwasi sultani na aliye juu mjane, uone kama kuna atakayecheka. Maana yake ni kwamba hata tunaposifu ujanja hatuusifu wenyewe kama ujanja. Tunapima nani anamfanyia nani, na nani aliandika kanuni. Kipimo ni kilekile.

Mpira wa miguu umetupa mfano ambao kila shabiki wa Afrika anaujua. Tarehe 25 Juni 1982, katika Kombe la Dunia, mjini Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi ilifunga bao moja mapema dhidi ya Austria, kisha timu zote mbili zikapigiana pasi za kivivu mpaka mwisho, kwa sababu matokeo hayo yaliwavusha wote wawili na kuitoa Algeria, iliyokuwa imemaliza mechi zake jana yake. FIFA haikupata kifungu cha kumwadhibu yeyote. Ilichofanya ni kuagiza kwamba mechi za mwisho za kundi zichezwe kwa wakati mmoja. Algeria haikurudishiwa nafasi yake, lakini mlango ulifungwa, na ulifungwa kwa njia ya abba herega: mwenye faida alinyang'anywa saa.

Je, Wajir yenyewe iliwahi kufunga mlango? Iliwahi, na ilifanya hivyo bila kusubiri Nairobi. Mwaka 1992 na 1993, ukame ukiwa umewaua mifugo na vita vya Somalia vimejaza bunduki kila kijiji, koo za Wajir zilikuwa zinauana. Sokoni mjini Wajir uhasama ulifika mahali ambapo mwanamke wa ukoo huu hakumuuzia wala hakununua kwa wa ukoo ule. Kikundi cha wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, kilianza kwa kusimamia soko: biashara iwe ya wote, na anayekataa ashughulikiwe. Baadaye walikwenda kwa wazee. Wazee wa koo kubwa walikuwa wadau wa vita, hivyo usuluhishi ukaongozwa na wazee wa koo ndogo. Mnafiki mwenye watu wengi nyuma yake ana uwanja mpana wa hila. Mzee wa ukoo mdogo hana, na kila mtu analijua hilo. Septemba 1993 wakakubaliana mkataba unaojulikana kama Azimio la Al-Fatah. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani. Ulikuwa mkataba wa waliokuwemo mezani, na ndiyo maana ulishika pale ambapo amri za serikali zilikuwa zimeteleza.

Lakini nisiipake historia hii rangi ya asali. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililopanua mtindo huohuo kwa wilaya nyingi za kaskazini, liliweka fidia ya kuua: mifugo 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Lengo lilikuwa kuzuia kisasi. Kiwango kikishaandikwa, hata hivyo, kiligeuka kuwa bei. Ukoo wenye mifugo mingi waweza kupiga hesabu kwamba malisho fulani yana thamani kuliko fidia ya watakaouawa, ukachangishana, ukalipa, na ukabaki na malisho. Muuaji mwenyewe hutoa mnyama mmoja au asitoe chochote, maana mzigo ni wa ukoo mzima. Hapo hakuna aliyevunja azimio, limetekelezwa kikamilifu. Hili ndilo tatizo la kumziba mpinzani lililorudi kwa sura mpya, na safari hii watungaji walikuwa wenyeji wenyewe, kwa hiyo sina budi kukiri kwamba kuwapo mezani hakutoshi. Ukilitazama azimio kwa jicho la shax utaona kilichokosekana. Liliandika wajibu wa kulipa, likasahau kuandika kwamba mtu asifaidike na tendo lililomlazimu kulipa. Shax ina sehemu zote mbili.

Kuna na wanaosema dawa ni kuwaachia wazee waamue kwa busara, kama msimamizi wa pokeri anavyoruhusiwa na kanuni ya kwanza ya TDA. Msimamizi wa pokeri hana ndugu mezani. Mzee ana ndugu, ana wajukuu, na siku hizi ana mgombea. Tangu uchaguzi wa 2013, ambao ndio wa kwanza kwa Tarbaj kama eneo bunge, mabaraza ya koo katika Wajir na Mandera yamekuwa yakikaa kuamua nani agombee nini, na mapatano hayo yameepusha damu, ila yameamuliwa na wanaume wazima wa koo zenye idadi. Koo ndogo na wanawake huletewa matokeo. Kwa sababu hiyo nakubaliana na Katiba ya 2010 kuliko ninavyokubaliana na wanaoitukuza desturi. Ibara ya 159 inazitaka mahakama zitoe haki bila kutawaliwa na masharti ya kiufundi ya utaratibu, na inazitaka ziendeleze njia za jadi za kutatua migogoro. Kisha papo hapo inazifunga njia hizo zisikiuke Sheria ya Haki za Binadamu iliyomo katika Katiba. Yaani busara imepewa nafasi na imewekewa ukuta. Kwa kipimo hicho fidia ya 50 kwa 100 haisimami.

Mikataba ya malisho kaskazini hukaa ikirudiwa. Modogashe yenyewe ilishafanyiwa marekebisho. Wale watakaokaa tena kuandika mwingine, wa wadi za Elben, Sarman, Wargadud na Tarbaj kwenyewe, pamoja na majirani zao wa Mandera, Isiolo na Garissa, naomba waongeze vifungu vitatu. Fidia ya mwanamke iwe sawa na ya mwanamume. Muuaji alipe kwanza kutoka zizi lake mwenyewe kabla ukoo haujachangia. Na kisima au malisho yaliyopatikana kwa damu yasitumiwe kunywesha wala kulisha na upande ulioyateka, hata baada ya kulipa.